Vitanda vya Fedha

Nchi ninayoisimulia haipo, na msomaji atakayedai kwamba amewahi kuishi humo atakuwa amejishtaki mwenyewe. Jina lake silitaji kwa sababu limesajiliwa, na kulitamka mara moja hulipiwa ada. Sisi wananchi tunaruhusiwa kuiita Nchi Yetu, bure, na tunaishukuru Serikali kwa msamaha huo.

Nchi Yetu ni tajiri sana. Tunajua hivyo kwa sababu tunaambiwa redioni kila saa, kabla ya ratiba ya mgawo wa umeme. Na kwa kuwa ni tajiri, watu wa nchi jirani huikimbilia kama nzi wanavyokimbilia kidonda. Mfano huo si wangu. Ni wa Mheshimiwa Dakta Mshindo, Waziri wa Fedha na Mwonekano, aliyeutoa bungeni siku aliyowasilisha Sheria ya Uthibitisho wa Uwezo. Wabunge walipiga makofi kwanza, kisha wakaanza kutazamana wakijiuliza kidonda ni nani, lakini makofi yalikuwa yameshaingia kwenye kumbukumbu rasmi.

Sheria ilimtaka kila anayehamia Nchi Yetu aonyeshe milioni nane zake mwenyewe. Nchi nyingi zina sheria ya namna hiyo. Sisi tuliongeza jambo ambalo wenzetu hawakuwa na akili ya kulifikiria: fedha hizo ziwe zimelala. Miezi sita mfululizo, bila kuguswa.

“Fedha inayozurura ni fedha ya mhuni,” alisema Mheshimiwa. “Fedha ya mtu mwenye uwezo hulala. Mwenyewe anaweza akafa njaa, yenyewe imelala tu! Huo ndio uwezo!”

Makofi tena.

*

Bi Somoe alifika mpakani Jumanne asubuhi akiwa na begi moja, chungu kilichofungwa kwa kanga, na milioni nane na laki mbili. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye miguu ya mtu aliyesimama sana maishani. Binti yake wa pekee, Hidaya, alikuwa ameolewa Nchi Yetu mwaka uliotangulia. Mume alikuwa migodini kusini, akionekana nyumbani kwa njia ya simu. Hidaya alikuwa na mimba ya miezi sita, mimba yake ya kwanza.

Kwao Bi Somoe, mtoto wa kwanza hazaliwi mpaka mama wa mzazi awepo. Yeye ndiye anayechemsha maji ya kukandia, anayemfunga mzazi tumbo, anayepika uji wa pilipili manga na kukaa naye siku arobaini. Msichana anayejifungua peke yake huhesabiwa yatima hata kama mama yake yu hai. Chungu kile kilikuwa cha maji ya kukandia.

Dirishani alimkuta Afande Kitwana, kijana mrefu mwenye sare iliyopigwa pasi mbele tu. Hakumwamkia. Kumwamkia mgeni ambaye hajathibitishwa ni kumpa heshima bila risiti.

“Fedha?”

“Hizi hapa, baba.”

Kitwana alizipima mkononi, kisha akazinusa. “Zina harufu.”

“Harufu gani?”

“Dagaa. Mafuta ya taa. Hii ina unga kabisa.” Alikung’uta noti moja juu ya kaunta, unga ukaanguka. “Umezitoa wapi?”

“Kwenye mchezo. Tuko wanawake kumi na sita pale sokoni. Kila wiki tunachanga, mmoja anapokea. Mimi ndiye kijumbe, ndiye ninayekusanya. Safari hii wenzangu wamenipisha nipokee mfululizo, nije kwa mwanangu.”

“Kwa hiyo fedha hii imepita mikono kumi na sita.”

“Kwa miaka kumi na mmoja. Haijapotea hata senti.”

Kitwana aliinua noti juu, akaitazama kwenye mwanga kwa huruma, kama daktari anayetazama picha ya mapafu.

“Mama, huu si uwezo. Huu ni uchovu. Noti hii haijafumba jicho tangu izaliwe.” Akavuta Fomu ya Kulaza Fedha. “Tunazilaza. Urudi dirishani baada ya miezi sita.”

“Miezi sita! Mwanangu anajifungua baada ya mitatu.”

“Mwambie asubiri.”

“Mimba haisubiri, Afande.”

“Basi mmekutana. Sheria nayo haisubiri.”

Bi Somoe alimtazama muda mrefu, kama anavyotazamwa mtoto wa mtu mwingine anayetukana sokoni. Halafu akauliza, “Na mimi nitakula nini miezi sita?”

“Kula unaruhusiwa, mama,” alisema Kitwana akigonga muhuri. “Ila si hizo.”

*

Ukumbi wa Mapumziko ya Fedha ulijengwa mpakani penyewe, na hakuna mwananchi aliyeuona asitokwe na machozi. Ulikuwa na vitanda sitini vya chuma vyenye magurudumu, kila kimoja na godoro la plastiki la buluu na chandarua chake. Juu ya kila godoro lilikuwa furushi moja la noti, limefunikwa shuka mpaka shingoni, na kibandiko chenye jina la mwenyewe. Mitambo ya kupoza hewa ilivuma mchana kutwa. Walinzi walivua viatu mlangoni. Aliyekohoa alitolewa nje.

Wabaya wetu husema kwamba vitanda vile viliibwa kutoka wodi ya wazazi ya Hospitali Kuu. Ni uongo. Vilihamishwa kwa barua. Mheshimiwa Dakta Mshindo alieleza vizuri kwamba mama mjamzito hulala kitandani siku mbili tatu tu, ilhali fedha hulala miezi sita, kwa hiyo nani hasa ana matumizi ya kudumu ya kitanda?

Wenye fedha walilala nyuma ya ukumbi, kwenye banda la bati, chini.

Humo Bi Somoe alimkuta Mzee Ligola, fundi seremala, aliyekuwa bandani mwaka wa tatu. Fedha za Mzee Ligola zilikuwa zimewahi kulala miezi mitano na siku ishirini na tisa. Siku hiyo kikohozi kilimzidi, akaomba achukue noti moja anunue dawa. Akapewa, kwa fomu. Siku iliyofuata alipokwenda dirishani aliambiwa usingizi umekatika, aanze siku ya kwanza, kwa mara ya nne.

“Na kikohozi kikapona?” aliuliza Bi Somoe.

“Kilipona,” alisema Mzee Ligola. “Siku hizi naumwa na mgongo. Lakini mgongo nimeuambia, wewe utanisamehe.”

Kazi ilikuwa marufuku bandani, maana mgeni akifanya kazi anapata fedha, na fedha hiyo ingekuwa macho. Watu waliishi kwa vihela vya mfukoni. Mama Nyamizi, mfagiaji wa ukumbi na raia mwenzetu, aliwanunulia unga kijijini. Kila mtu alipika kibaba chake kwenye kopo lake, na kila mtu alilala na njaa yake.

Bi Somoe alivumilia siku nne. Siku ya tano alisimama katikati ya banda.

“Jamani, sisi wendawazimu? Watu sitini, makopo sitini, mioto sitini, na hakuna aliyeshiba! Kila mtu atoe kibaba. Tutapika wote sufuria moja. Nusu ya unga tunakula wote, nusu anapokea mmoja, Mama Nyamizi amuuzie kijijini, anunue anachotaka. Kesho mwingine. Mimi ndiye kijumbe.”

“Na mtu akipokea akakimbia?” aliuliza mmoja.

“Akimbilie wapi?” alisema Mzee Ligola, na banda zima likacheka kwa mara ya kwanza mwaka huo.

Sheria za Bi Somoe zilikuwa mbili. Mgeni hupokea mwisho. Na mgeni haingii mpaka awe na mdhamini, mtu anayemjua, atakayesimama mbele ya wote na kusema: huyu namjua, akishindwa nitalipa mimi.

Baada ya wiki mbili, kwa kuwa kila aliyepokea aliongeza maharagwe sufuriani, watu walikuwa wanashiba na Mzee Ligola alikuwa na dawa ya mgongo. Ndipo Afande Kitwana alipoanza kupita karibu na banda wakati wa chakula, akikagua sufuria.

“Afande, una nini?” aliuliza Bi Somoe.

Kitwana alitazama nyuma, kisha akanong’ona. “Mishahara ya miezi minne haijatoka. Nataka kuingia mchezoni.”

“Mdhamini wako nani?”

Kijana akatazama buti zake. Ndipo Mama Nyamizi alipoegemeza fagio ukutani.

“Mimi namjua,” alisema. “Mdomo wake mbaya, lakini mama yake alinizikia mume wangu vizuri. Akishindwa nitalipa mimi.”

Kitwana akaingia, wa sitini na moja. Tangu siku hiyo alianza kumwamkia Bi Somoe, kwa siri, akiwa ameinama kama anayefunga kamba za buti.

*

Mwezi wa tatu ulipokuwa unaisha, redio ilitangaza neema. Mfuko wa Mataifa Wahisani, uliotukopesha mwaka hadi mwaka, ulikuwa unamtuma mkaguzi ili utukopeshe tena. Sharti lilikuwa dogo: Nchi Yetu ionyeshe kwanza kwamba ina fedha zake yenyewe.

Hazina ilifunguliwa. Kulikuwa na picha ya Rais na popo.

Hapo ndipo tulipoelewa ukubwa wa akili ya Mheshimiwa Dakta Mshindo. Kumbe alikuwa ameona mbali! Fedha zilikuwepo mpakani, sitini kwa milioni nane, zimelala fofofo. Mkaguzi angeletwa ukumbini Ijumaa, angeonyeshwa akiba ya taifa, na akiba yenyewe ingekuwa na chandarua.

Alhamisi saa nane mchana, siku moja kabla ya mkaguzi, Hidaya alitokea bandani kwa miguu, amejishika kiuno.

Mama yake alidondosha mwiko. “Hidaya! Umepitaje?”

“Mlango wa Kutoka, mama. Hauna mtu.”

Ni kweli. Serikali haikuweka askari wala fomu kwenye Mlango wa Kutoka, kwani kuweka kungekuwa kukiri kwamba kuna anayeweza kutaka kutoka.

“Uchungu umeanza tangu asubuhi,” alisema Hidaya. “Nimekwenda Hospitali Kuu. Muuguzi kaniambia nije na glovu, na uzi, na pamba, na kitanda.”

“Na nini?”

“Kitanda. Amesema vya kwao vimehamishiwa mpakani, vimelaza fedha. Nikasema basi, kama vitanda viko mpakani na mama yangu yuko mpakani, mimi nafanya nini hospitali?” Akainama, akashika nguzo ya banda, na maneno mengine hayakutoka.

Bi Somoe alichukua chungu chake, akamkabidhi Mzee Ligola. “Chemsha maji.” Kisha akamshika bintiye mkono, akaenda naye moja kwa moja hadi mlango wa ukumbi, nyuma yake wanawake wa bandani, na nyuma yao Mama Nyamizi na fagio.

Mlangoni alikuwapo Kitwana, pekupeku.

“Bi Somoe, humo hapaingiwi.”

“Nipishe.”

“Mwanamke analala wapi humo? Vitanda vyote vina fedha!”

“Namba arubaini na moja ni zangu. Nitazitoa.”

Sauti ya Kitwana ilipasuka. “Ukizigusa zimeamka! Umebakiza nusu tu. Siku themanini na saba, mama, zote zinapotea! Unaanza moja!”

“Kitwana, mwanangu. Wewe ulizaliwa juu ya nini?”

Nyuma ya kijana mitambo iliendelea kuvuma, na zile fedha sitini zilikuwa zimefunikwa vizuri. Hidaya akatoa sauti moja ndefu. Kitwana akasogea kando, akaushikilia mlango.

Bi Somoe alifunua chandarua cha kitanda namba arubaini na moja, akavuta shuka, akabeba milioni nane na laki mbili kwa mkono mmoja kama mtu anayeondoa paka kwenye kiti. Hapakuwa na mto. Akalifunga furushi ndani ya kanga yake, akaliweka chini ya kichwa cha mwanawe. Ndiyo mara ya kwanza fedha yoyote kufanya kazi ndani ya jengo lile.

Saa kumi na moja jioni alizaliwa mtoto wa kike, mwenye sauti. Watu waliokuwa wameambiwa wasikohoe walipiga vigelegele mpaka vyandarua vikatikisika.

*

Ijumaa asubuhi Mheshimiwa Dakta Mshindo alifika na msafara wa magari tisa, saa moja kabla ya mkaguzi, kufanya mazoezi. Alivua viatu mlangoni, akaingia kwa ncha za vidole, akasikia kilio cha mtoto.

“Ni nani huyu?” alinguruma. “Nani kamwingiza? Ameonyesha uwezo gani?”

“Amezaliwa humu humu, Mheshimiwa,” alisema Kitwana. “Hakupitia dirishani.”

“Ana fedha?”

“Ana kanga moja.”

Mheshimiwa alitaka kutoa hotuba, lakini msaidizi wake alikuwa amemshika mkono, amepauka. Alikuwa amesoma vibandiko. “Mzee, kila furushi lina jina la mgeni. Na mkaguzi anasoma.”

“Vibanduliwe!”

“Amesema atataka na saini. Kila mwenye fedha athibitishe kwamba zimekuwa za nchi.”

Uso wa Dakta Mshindo ulibadilika, ukawa uso wa kampeni. Wenye fedha waliitwa wote ukumbini, wakasimama kati ya vitanda.

“Wageni wetu wapendwa! Ndugu zangu! Nchi hii imewalea. Imewapa bati. Leo nchi inawaomba jambo dogo tu, mkono kwenye karatasi, kwamba fedha hizi mmeziweka mikononi mwetu. Mwakani, tukijaliwa, mtarudishiwa. Nani wa kwanza?”

Watu sitini waligeuka, wakamtazama Bi Somoe. Alikuwa amekaa kwenye kitanda namba arubaini na moja, anamkanda mwanawe mgongo.

“Mheshimiwa anataka kuingia mchezoni,” aliwaambia.

“Mchezo gani? Hili ni suala la taifa!”

“Unataka sisi tuchange, wewe upokee. Huo ni mchezo, baba, hauna jina lingine. Na kwenye mchezo wangu mgeni hupokea mwisho. Lakini kwa kuwa una haraka, wenzangu wanaweza kukupisha, kama walivyonipisha mimi. Niambie tu, mdhamini wako ni nani?”

“Mimi? Mdhamini? Mimi ni Serikali!”

“Ndiyo. Nani anaijua?”

Mheshimiwa alicheka. Alizungusha macho, akamwona mfagiaji, na uso ukachanua. “Mama! Wewe si raia? Simama, waambie hawa kwamba unaijua Serikali yako.”

“Naijua, Mheshimiwa,” alisema Mama Nyamizi. “Naijua sana.”

“Sema basi!”

“Kwa kuwa naijua, naomba nifagie.”

Akafagia. Msaidizi, aliyekuwa karibu zaidi, aligundua ghafla kwamba simu yake inaita, ingawa hatukuisikia. Mheshimiwa akamgeukia Kitwana. “Afande! Umekula kiapo! Unaipenda nchi hii?”

Kitwana alikauka kama mlingoti. “Naipenda, Mheshimiwa. Kwa moyo wote. Nipo tayari kuifia.”

“Idhamini!”

“Kuifia sawa, Mheshimiwa. Kudhamini, ikishindwa nalipa mimi. Nami bado naisubiri mishahara ya miezi sita.”

Ukimya uliofuata ulikuwa mzuri sana kwa usingizi wa fedha. Kisha Dakta Mshindo akamsogelea Bi Somoe, akazungumza kwa sauti ya chini, na ile kampeni usoni ikawa imekwisha.

“Sikiliza, mwanamke. Usiposaini huingii nchi hii. Wewe wala hawa. Milele.”

“Baba yangu,” alisema Bi Somoe, “mimi nilitaka kuingia kwa ajili ya mtu mmoja. Mtu huyo ametoka. Umenikuta nasubiri nini tena?”

Akasimama. Akalitoa furushi chini ya kichwa cha Hidaya, akamkabidhi mtoto kwa mama yake, akamsaidia Hidaya kusimama, akakiinua chungu. Kwao ilikuwa safari ya nusu siku kwa mkokoteni, na siku arobaini zilikuwa zimeshaanza kuhesabika. Mzee Ligola alimtazama akielekea mlangoni. Halafu akafunua chandarua cha kitanda namba saba, akaziamsha milioni nane zake zilizokuwa na miezi minne, akazitia kwapani.

“Mgongo,” alisema, “twende zetu.”

Baada ya hapo kilichosikika ni vyandarua tu vinavyofunuliwa.

*

Mkaguzi alifika saa nne kamili. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mkoba mdogo na miwani, na hakumwamkia mtu. Alitembea kutoka kitanda cha kwanza mpaka cha sitini, akibonyeza kila godoro kwa kidole.

“Fedha?”

“Zilikuwepo,” alisema Dakta Mshindo. “Zilikuwa zimelala kabisa! Muulize yeyote.”

“Nimuulize nani?”

Mheshimiwa alipapasa mifuko ya koti, akapata noti tatu na kipande cha kashata. Mkaguzi alizitazama zile noti, akazinusa, akatoa fomu mkobani.

“Unaweza kuanza na hizi. Zilazwe miezi sita, mfululizo, bila kuguswa. Nitarudi.”

Zikalazwa kwenye kitanda namba moja, zikafunikwa shuka, zikateremshiwa chandarua. Mkaguzi akaondoka. Mama Nyamizi naye alikuwa ameanza kusukuma kitanda namba arubaini na moja, kitupu, kuelekea barabara ya hospitali, bila barua, magurudumu yakilia njia nzima.

Mheshimiwa Dakta Mshindo alikaa kwenye ukingo wa godoro tupu, viatu mkononi.

“Miezi sita,” alisema. “Kitwana, sisi tutakula nini?”

Kitwana alitazama zile noti tatu kwa muda, akaurekebisha upindo wa chandarua usiachie mwanya.

“Kula mnaruhusiwa, Mheshimiwa,” alisema. “Ila si hizo.”